Nusu ya Kidonge

Namba ya Timotheo, Mwanaheri aliifuta kwenye simu siku ile posa ya mchumba wake, Ramadhani, ilipopokelewa. Aliifuta mbele ya mama yake, akamwonyesha kioo cha simu, mama akaridhika na mambo yakaishia hapo. Vidole tu ndivyo havikupewa taarifa. Asubuhi ile ya baridi, ukungu umelalia bonde zima la Dochi na paka amelala ubavu sakafuni akihema kwa mdomo, vidole vya Mwanaheri viliibonyeza namba yote bila kukosea. Simu ilipoanza kuita, moyo wake ulikwenda mbio kama wa mwizi.

"Haloo," sauti ikasema. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na kelele za nguruwe.

Mwanaheri alikuwa amejipangia maneno ya adabu, ya mtu anayemwita daktari yeyote. Yote yalimpotea. "Ni Karani," akasema. "Hapumui vizuri."

Timotheo hakuuliza ni nani anayezungumza. Aliuliza fizi za paka zina rangi gani. Mwanaheri akapiga magoti, akaufunua mdomo wa Karani kwa kidole.

"Zimekuwa kahawia. Kama chai ya rangi."

"Niko Shume," Timotheo akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nakuja. Mfunikeni apate joto, na msimpe kitu kingine chochote."

Karani hakuwa paka wa kufukuza panya tu katika nyumba ile. Marehemu baba yake Mwanaheri, Mzee Mbaruku, alikuwa fundi cherehani, na paka huyo alimwokota sokoni akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Alimpa jina la Karani kwa sababu alipenda kukaa juu ya meza ya kukatia nguo, akimkazia macho kila mteja tangu anaingia hadi anatoka, kama karani wa ofisini anayetaka kujua umeleta shida gani. Mzee alipofariki, Mwanaheri alirithi cherehani na Bi Hadija, mama yake, akarithi paka. Kila jioni baada ya swala, Bi Hadija alikaa barazani na Karani mapajani, akimsimulia kwa Kishambaa mambo yote ya kutwa: bei ya karoti, mbuzi aliyekata kamba, jirani aliyempita bila salamu. Yalikuwa mambo ambayo zamani alimsimulia mumewe. Watu walicheka, lakini Mwanaheri hakucheka hata siku moja.

Mzee Mbaruku alikuwa na namna yake ya kuchagua daktari wa mifugo. Alimweka mnyama katikati ya chumba, kisha akakaa pembeni kimya na kutazama. Daktari aliyefungua mkoba kabla ya kumgusa mnyama alipewa kikombe cha chai, akaagwa kwa heshima na hakuitwa tena. Wengi walikunywa chai ya nyumba ile. Timotheo alipokuja mara ya kwanza alikaa chini sakafuni na suruali yake safi, akanyoosha mkono na kungoja, hadi Karani mwenyewe alipoinuka na kuja kuunusa. Akampapasa tumbo, akamtazama macho na masikio, kisha akainua uso na kusema, "Sijui anaumwa nini, mzee. Nipeni siku ya leo nimtazame."

"Huyu ndiye," mzee akamwambia binti yake jioni ile. "Anayekubali kuwa hajui, huyo hatakuulia mnyama wako kwa aibu."

Mwanaheri alikuwa mlangoni na sinia ya chai, na alikuwa amekwisha kumchagua daktari kabla baba yake hajamaliza kumpima. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na Bi Hadija alikisikia kikohozi kile kabla wenyewe hawajakohoa. Akakikataa. Timotheo alikuwa Mlutheri, mtoto wa mzee wa kanisa wa kule Shume, na hilo peke yake lilitosha. Lakini Bi Hadija aliongeza la pili, akalisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mikono inayozalisha nguruwe haitamshika mwanawe.

Mwingine angekasirika. Timotheo alinunua koti la pili. La kijani akaliweka kwa ajili ya nyumba zenye mabanda ya nguruwe, na jeupe kwa ajili ya nyumba za Waislamu, kila koti na mkoba wake, na hakupata kuyachanganya. Majirani walimsifu. Bi Hadija alisema koti hufuliwa, dini haifuliwi.

Timotheo na Mwanaheri walikuja kuachana njia panda ya Magamba, mvua ya manyunyu ikiwanyeshea wote wawili, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kugeuka. Mwanaheri hakumwomba abadili dini, ila alimuuliza kama amewahi kuliwaza jambo hilo.

"Nimeliwaza kila siku," Timotheo alimjibu. "Lakini nikibadili dini kwa ajili ya harusi tu, nitakuwa nimewadanganya wawili. Nitamdanganya baba yangu, na nitamdanganya Mungu wako. Utaishije na mtu wa namna hiyo?"

Ndipo akaja Ramadhani, mwenye lori la kupeleka mboga Tanga, mtu mpole anayecheka kwa sauti na kumletea mama mkwe samaki kila akipanda mlima. Hakuwa na kasoro ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Mwanaheri aliitafuta na hakuiona.

Sasa ilikuwa wiki ya harusi. Karani alirudi nyumbani anachechemea, mguu wa nyuma umevimba, maana alikuwa amepigana na paka wa jirani. Mwanaheri alisema aitwe Timotheo. Mama akamuuliza kwa upole ni mwanamke gani mwenye akili anayemwita mwanaume wa aina ile nyumbani katika wiki ya ndoa yake. Akampigia simu Twaha, jamaa yao, anayeuza dawa za kuku sokoni. Twaha hakuwa mtu mbaya. Kwa kuku alikuwa hodari, na wafugaji wa Lushoto nzima walimwita dokta. Alifika mbiombio, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akauliza paka ana umri gani, akaacha unga wa dawa ya minyoo na kwenda zake.

Mwanaheri aliuona mkoba ukifunguliwa kabla ya mkono kumgusa mnyama. Alijua baba yake angesema nini, na alinyamaza. Hakunyamaza kwa kumwogopa mama. Alijiogopa mwenyewe, kwamba pikipiki ya Timotheo ikiingia uani atasahau jina la Ramadhani. Wanasema mchagua jembe si mkulima, na kwa jembe ni kweli. Daktari lazima umchague, tena kwa mikono yake, si kwa ukoo wala kwa jina aliloitwa alipozaliwa. Nyumba ile ilikwisha kufundishwa hivyo na marehemu mwenyewe, na bado ikachagua kwa hofu.

Saa zile za kungoja zilikuwa ndefu. Bi Hadija alimbeba Karani barazani na kumfunika khanga mbili. Mwanaheri alipomwambia kwamba amempigia simu Timotheo, hakugomba. Alisema tu, "Haya," na akaendelea kumpapasa paka kichwani. Uso wa Karani ulikuwa umevimba na pumzi yake ilikuwa fupi fupi.

Pikipiki ilisikika kabla ya kuonekana, kwa ajili ya ukungu. Timotheo alishuka, akauchukua mkoba wake na kupita kwenye kilango cha ua. Alikuwa amevaa koti jeupe. Nywele zake zilikuwa mbichi, maji yanamtiririkia shingoni katika baridi ile ya kukata masikio. Mwanaheri aliziona nywele na akageuza uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuingia barazani mara moja. Alisimama kwenye ngazi na kumwonyesha Bi Hadija viganja vyake, pande zote mbili, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya chakula. Bi Hadija aliinamisha macho, akasogea na kumpa nafasi kwenye mkeka.

Timotheo alikaa chini. Akamgusa Karani kwanza chini ya kidevu, mahali alipopapenda, akamwacha amnuse. Kisha akamfunua mdomo, akamsikiliza kifua, akaushika ule mguu uliovimba. Alifanya yote taratibu na mkoba ulikuwa bado umefungwa. Mwanaheri alisimama kwenye kizingiti, pale pale alipowahi kusimama na sinia.

"Amepewa dawa gani, mama?"

Bi Hadija alimweleza habari za unga wa minyoo. Halafu akasema, na katika sauti yake kulikuwa na fahari ndogo ya mtu aliyekesha na mgonjwa, "Na jana jioni alikuwa analia kwa maumivu. Nikamwonea huruma. Nikamsagia nusu ya panadoli kwenye maziwa, nikamnywesha mwenyewe kwa kijiko. Nusu tu. Alikunywa yote."

Mkono wa Timotheo ulisimama juu ya manyoya. Ulisimama kwa muda wa kupumua mara moja, kisha ukaendelea kupapasa kama mwanzo. Bi Hadija alikuwa anamtazama paka, hakuona. Mwanaheri aliona.

"Umemhangaikia sana, mama," Timotheo akasema.

"Atapona?"

Alilishika sikio lake mwenyewe kidogo kabla ya kujibu. "Amezeeka, mama. Figo zimechoka. Hakuna mtu ambaye angeweza kulizuia hili. Ninachoweza ni kumchoma sindano asisikie maumivu."

Bi Hadija akaitika kwa kichwa. Sindano ilichomwa, na pumzi za Karani zikatulia, zikawa ndefu kidogo, zikaanza kuachana. Mama alimwinamia na kumsemesha kwa Kishambaa sikioni, maneno ambayo Mwanaheri hakuyasikia vizuri isipokuwa jina la baba yake. Alikuwa anamtuma ampelekee salamu. Muda mfupi baadaye mapaja ya mama yalikuwa yamebeba kitu kisicho na uzito wake wa zamani. Bi Hadija, ambaye tangu siku ya mazishi ya mumewe hakuna aliyeliona chozi lake, alilia mbele ya Timotheo, kwa sauti, bila kujifunika uso.

Walimzika chini ya mpeasi, nyuma ya jiko. Timotheo alichimba. Mwanaheri alikwenda chumbani kutafuta kitambaa cha kumfungia, na kilichokuwa karibu ni vipande vilivyobaki alipokata gauni lake la harusi, vyeupe, bado vina manyoya ya Karani aliyekuwa analala juu yavyo wakati yeye anashona. Akavichukua hivyo hivyo. Timotheo alipoviona alielewa ni vya nini, akamfunga paka kwa uangalifu sana.

Alipomaliza kushindilia udongo, Mwanaheri akasema, "Si figo."

Timotheo alifuta jembe kwa majani.

"Nakujua ukisema uongo. Unashika sikio. Niambie."

"Ni panadoli," akasema kwa sauti ya chini. "Binadamu tunaiweza, paka haiwezi. Inamharibia damu. Ndiyo maana fizi zikawa vile. Nusu inatosha kabisa."

"Na mguu?"

"Jipu. Aling'atwa akapata jipu. Ningelipasua, nikalisafisha, angekuwa mezani kwako anakutazama ukishona." Akaliegemeza jembe kwenye ukuta wa jiko. "Usinifanye nikwambie mengine."

Mwanaheri alijishika kwenye shina la mpeasi. Alitaka kukasirika na mtu, akamtafuta, na kila aliyemwona alikuwa na huruma mkononi: mama na kijiko chake cha maziwa, Twaha na unga wake, hata yeye mwenyewe na ukimya wake.

"Kwa nini hukumwambia mama?"

"Ili apate nini? Aliyekuwa anamsimulia kila jioni amekufa. Nikimwambia ni yeye aliyemnywesha, hatapata usingizi tena katika nyumba hii, na wewe unaondoka." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. "Siku mtakapoleta paka mwingine, mwambie kwamba dawa za watu haziwafai paka. Mwambie kama habari tu. Usiitaje jina la Karani."

Huyu ndiye mtu ambaye mikono yake ilikataliwa kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Nywele zako mbichi," akasema.

"Nilikuwa nazalisha nguruwe. Nikaoga bombani kwa watu."

"Kwenye baridi hii? Ungekuja tu hivyo hivyo. Karani alikuwa anakufa."

"Ningekuja na matope ya banda, Mwanaheri, mlango ningefunguliwa?"

"Mimi ningekufungulia."

"Na mama?"

Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, na kule chini njiani mtu alipita akiswaga mbuzi. Mwanaheri aliuliza swali ambalo angelibeba maisha yake yote asipouliza.

"Ungekuja moja kwa moja bila kuoga, ungemuwahi?"

Mkono wa Timotheo ulianza kupanda kuelekea sikioni, akaurudisha chini.

"Sijui," akasema.

Lilikuwa neno lile lile lililomfanya baba amchague. Siku ile lilikuwa limewafurahisha wote. Mwanaheri akaanza kulia, kimya kimya, na hakujua anamlilia paka au anamlilia nani. Timotheo alisimama hatua chache kutoka kwake na mikono yake safi ikining'inia, hakumgusa, maana alikuwa mchumba wa mtu.

"Ramadhani ni mtu mzuri?" akauliza.

"Ni mtu mzuri."

"Anakupenda?"

"Ananipenda."

"Basi."

"Timotheo, sema neno moja. Moja tu, mimi nitajua la kufanya."

Alimwangalia kwa macho yale yale aliyomwangalia nayo Magamba mvuani. "Neno ninalo," akasema. "Nikilisema, mimi nitakwenda zangu Shume, na wewe utabaki na kazi ya kulisahau. Sitakuachia kazi hiyo wiki ya harusi yako."

Akaokota koti jeupe alilokuwa amelitundika kwenye tawi, akalikunja upande wa ndani nje ili udongo usishike mkoba, na kwenda barazani kuaga. Bi Hadija alisimama kumpokea, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. Alimshukuru mara nyingi. Alimwambia kwamba mbuzi wake wote, tangu leo, daktari wao ni yeye, Twaha abaki na kuku wake. Akamwambia aje harusini, aje na mama yake mzazi, wapate kula pilau.

"Asante mama," Timotheo akasema.

"Na nimeona," Bi Hadija akaongeza, akiutazama mkeka. "Nimeona kwamba ulioga."

Timotheo aliinamisha kichwa. Alitoka kwenye kilango cha ua, akawasha pikipiki na kupanda kilima, na Mwanaheri alisikiliza mlio ule mpaka ukachanganyika na sauti za cherehani za majirani.

Jioni baada ya swala, mama na mwana walikaa barazani bila paka. Bi Hadija hakuwa na mtu wa kumsimulia, akawa anakunja na kukunjua ncha ya khanga yake. Kichwa cha Mwanaheri kilikuwa kinamgonga kwa machozi aliyoyameza mchana kutwa, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama aliyaona akadhani anajua sababu.

"Baba yako alijua kuchagua," akasema. "Yule kijana ana mikono mizuri. Umeona alivyomshika? Laiti angekuwa wa kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

Bi Hadija alifungua fundo la khanga. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa vizuri, na ndani ya kikaratasi nusu ya kidonge.

"Meza hii," akasema. "Nusu nyingine ndiyo niliyompa Karani. Angalau alilala usiku ule, au siyo? Hata daktari amesema nilimhangaikia."

Mwanaheri alikitazama kidonge kiganjani mwa mama yake. Kilikuwa kidogo, cheupe, na makali ya pale kilipokatwa kwa kisu cha jikoni yalikuwa bado yanaonekana. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwake, na mama alikuwa anamngoja kwa uso ule wa mtu anayeomba kuambiwa kwamba alifanya vizuri.

"Ulimhangaikia sana, mama," akasema.

Akakiweka ulimini na kukinywea maji. Bi Hadija akamvuta, akamlaza kichwa mapajani pake pale pale alipokuwa analala Karani, na akaanza kumpapasa nywele, akimwambia kwa Kishambaa kwamba kesho atakuwa mzima.